Mwamba wa Akina Mama

Asubuhi hiyo Elieshi alijitazama kwenye kioo akacheka peke yake kama mwendawazimu. Na asicheke kwa nini? Yeye, binti wa Kimeru, mtu wa kahawa na ndizi, asiyejua kuogelea hata kwenye mfereji, ndiye aliyechora ramani ya hifadhi ya bahari! Kisiwa chenyewe, Membeni, kilishalindwa zamani kwa ajili ya ndege na kasa wake. Sasa ilikuwa zamu ya maji yanayokizunguka, na neno la mwisho lingesemwa leo, hapa hapa Arusha. Usiniulize mambo ya bahari yamefuata nini mlimani. Huu ni mji wa mikutano. Hata samaki wangekuwa na mkutano wao wangeletwa huku, wavishwe beji na wapewe chai.

Kwenye ukumbi mmoja wa Sekei, wajumbe kutoka pwani walikuwa wamejikunyata kwa baridi ya Julai. Mwenyekiti, Bwana Naftali, aliwaeleza waziwazi. Kijiji cha Membeni, kinachotazamana na kisiwa, kikikubali, hifadhi imezaliwa. Kikikataa, kazi yote inaanza upya, na wavuvi wa baruti wataendelea kupasua matumbawe mpaka yaishe. Elieshi alikuwa ameyaona yale matumbawe yaliyopasuliwa, na yalimuuma kama shamba la kwao limefyekwa na adui. Aliitaka hifadhi hii kuliko kitu chochote.

Akawasha projekta. Ramani ikatokea ukutani, bahari ya buluu, sehemu za kufungwa zimepakwa nyekundu. Mzee Uwesu, kiongozi wa wavuvi wa Membeni, akatikisa kichwa kuafiki. Elieshi alikuwa karibu kurukaruka. Ndipo aliposimama Bi Tunu, mama wa makamo aliyejitanda kanga mbili juu ya sweta, msemaji wa wanawake wanaovua pweza.

"Mwanangu, huo mwamba wa ufukweni ulioupaka nyekundu, nani kakuambia ufungwe?"

"Wazee, Bibi. Nilishinda nao, wakanionyesha mipaka yote."

"Wazee gani? Uwesu huyu? Uwesu anavua kwenye kina. Pale mwambani, maji yakitoka, tunatembea sisi wanawake tukichokoa pweza. Yeye mara ya mwisho kupakanyaga alikuwa ameshika kanga ya mama yake!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee Uwesu akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

"Ulipita mlangoni kwangu," Bi Tunu aliendelea, "ukaniamkia vizuri sana, shikamoo shikamoo, kisha ukaenda kuwauliza wanaume habari za jikoni kwangu. Basi sisi hatukubali." Akajitanda vizuri, akatoka, na wenzake wawili wakamfuata.

Hee! Elieshi akabaki amesimama mbele ya kipaza sauti, ramani yake ukutani. Kwao Meru, likizuka jambo la mpaka wa shamba, huitwa wazee wa ukoo, nao ni wanaume. Basi alikuwa ameuchukua utaratibu huo mzimamzima akateremka nao hadi pwani. Na nani huyo? Elieshi yule yule aliyelia siku baba zake wadogo walipogawa kihamba, shamba la urithi la familia, yeye amesimama jikoni na sufuria la chai, hakuulizwa hata nusu neno!

"Mjinga mimi," alisema kwa sauti, na kipaza sauti kikalitangaza neno hilo ukumbini.

Bwana Naftali akatangaza mapumziko haraka haraka. Elieshi hakugusa chai. Alitoka mbio hadi bustanini, akaona masale yamepandwa kando ya ukuta, akachuma jani moja refu. Kwao, mtu aliyekukosea akikuletea isale, hata uwe na hasira za namna gani, utamsikiliza. Alimkuta Bi Tunu karibu na geti akiota jua. Akapiga goti, akamnyooshea lile jani kwa mikono miwili.

Bi Tunu akalitazama. "Sasa hili nilitie mchuzini?"

Elieshi akacheka huku machozi yanamtoka. "Ni isale, Bibi. Kwetu ndilo la kuombea radhi. Nimekukosea. Kwetu mipaka huulizwa wanaume, na mimi mwenyewe jambo hilo liliniumiza, halafu nimekuja kukufanyia wewe. Sikulazimishi ukubali. Naomba tu unionyeshe."

Bi Tunu aliligeuzageuza jani, akalichomeka kwenye pindo la kanga. "Haya inuka, unachafua sketi."

Waliporudi ndani, Elieshi alifuta rangi nyekundu yote mbele ya wajumbe, Bwana Naftali kashika kichwa. Akatandaza mezani ramani ya karatasi, tupu, akampa Bi Tunu kalamu. Watu wakaacha viti vyao, wakaizunguka meza.

"Hapa mwambani tutafunga na kufungua wenyewe, kwa zamu, pweza wapate kukua," Bi Tunu alisema akichora.

Elieshi akaitikia. Alidhani yameishia hapo, lakini kalamu haikusimama. Ilivuka mahali mstari wake ulipokuwa, ikaingia hadi kwenye mashimo ya kina, mahali alipopatamani tangu siku ya kwanza asithubutu hata kupataja, akiogopa kijiji kitamfukuza.

"Na huku je, Bibi?"

"Huku pweza majike wanaatamia mayai. Asiingie mtu. Si mimi, si Uwesu, si hao wa baruti. Funga moja kwa moja."

"Lakini Bibi! Hii ni kubwa kuliko niliyoomba!"

"Uliomba lini?" Bi Tunu alimrudishia kalamu. "Wewe ulichukua. Ungeniomba siku ile pale mlangoni, ningekupa yote hii."

Bwana Naftali alipouliza nani anakubali, mkono wa kwanza kuinuliwa ulikuwa wa Mzee Uwesu.