Mlango Ambao Haukuambiwa

Jana adhuhuri, kwenye benchi la wodi ya watoto njiti, Eliwaza alipitiwa na usingizi, akaota.

Mwanawe wa kwanza alikuwa na siku chache tu duniani. Daktari alimweleza kwamba mtoto akiwa tumboni, mapafu yake hayana kazi, hivyo damu nyingi huyapita kando kwa njia ya mkato. Akizaliwa, njia hiyo hujifunga. Ya mwanawe ilikuwa bado wazi. Dawa alishapewa, zisipofaa, angepasuliwa.

Ndotoni anajikuta kwenye korido nyekundu yenye joto la jikoni. Matone ya damu yako kwenye foleni, kila moja na kikombe chake. Kushoto na kulia kuna vyumba viwili vikubwa, wanawake wanadeki maji. Ni mapafu. Foleni inayapita bila hata kuchungulia.

Pembeni limeketi kondo la nyuma, begi lake limefungwa kamba. Eliwaza analisalimu. Linaitikia vizuri, linasema lilikuwa mpishi wa mtoto, pumzi yake na mfagizi wake, na sasa limestaafu, linasubiri usafiri. Kisha linaonyesha kwa kidole, ingawa halina kidole, mlango ulio wazi mwisho wa korido.

"Mwenye matatizo ni yule," linasema.

Eliwaza anauomba mlango ujifunge. Mlango unakataa kwa adabu. Uliagizwa kupitisha damu mpaka mtoto azaliwe, na hakuna aliyeuambia kwamba kazaliwa.

"Nimemzaa mimi."

"Sikukatalii, mama. Ila nitajuaje?"

Eliwaza anatafuta ushahidi kichwani. Mtoto alichukuliwa haraka, hata kumpakata hakumpakata, na tangu siku ile anasaidiwa na mashine kupumua. Kisha anakumbuka.

"Alilia," anasema. "Kidogo sana, kama paka mchanga. Lakini alilia, nikamsikia."

Foleni inasimama. Mlango unafikiri.

"Mngeniambia mapema," unasema. "Nimechoka kukaa wazi. Hebu nisukume, bawaba zangu bado changa."

Eliwaza anasukuma kwa bega, kwa magoti, kwa nguvu zilezile alizozalia. Mlango unajifunga, unambana kidole. Matone yanageuka, yanaingia vyumbani, yanatoka yakiwa mekundu ya kung'aa. Hakuna anayempa pole.

Akashtuka. Daktari alikuwa ameinama juu ya mtoto. Alivua kipimo masikioni, akasema mvumo wa damu aliokuwa akiusikia moyoni mwa mtoto hausikiki tena. Angehakikisha kwa picha, ila kwa dalili zote njia ilikuwa imejifunga.

Eliwaza alitaka kushukuru, badala yake akakaa chini sakafuni na kucheka huku machozi yakimtoka. Muuguzi akamshika mkono amwinue, akauangalia.

"Mama, kidole kimebanwa na nini?"

Ukucha ulikuwa umeshaanza kuwa mweusi.

"Mlango," akasema Eliwaza.

Muuguzi akageuka kutazama. Wodi ile ilikuwa na pazia tu.