Miche Tisa Chini ya Jabali

...na Mkuu bado anapindua karatasi zilizobandikwa mimea, ya kwanza, ya pili, ameinamia meza ya vielelezo kama mtu mwenye siku nzima, na Macho Manne kasimama kando ya kabati, kijasho chembamba kinamtoka, tulia, anajiambia, tulia, mimea mikavu haisemi, lakini iko tisa, na Mkuu kuhesabu anajua, "Haka kaua umekatoa wapi, mwanangu?" chini ya jabali, Mkuu, ndivyo alivyoandika kwenye lebo, kwa mwandiko wa kupendeza kabisa, kivulini, udongo mweusi, maji yakichuruzika, na kweli ndipo ilipoota, urujuani mwitu, kiua kisichofika ukucha wa kidole gumba, imeng'ang'ania ufa wa mwamba kama mtoto mgongoni, jamani alivyofurahi! alipiga vigelegele peke yake, mvua inakuja, dereva anapiga honi huko chini, na kanuni anaijua hata usingizini, ukikuta miche ishirini chukua mmoja, yeye kakuta tisa akasema mingine iko nyuma, haikosi, akang'oa yote na mizizi yake, mmoja wa hapa, minane ya kugawia hifadhi nyingine za mimea mikavu kama hii yao, wajue na yeye ni mtu, ndipo akazunguka nyuma ya jabali... jiwe tupu, akatafuta mpaka magoti yakachubuka, jiwe tupu, "Hii haijaandikwa popote, haki ya Mungu," anasema Mkuu, sauti inamtetemeka, masikini, miaka thelathini anaingoja siku hii, "imebaki mingi huko?" sema mingi, sema mteremko mzima, nani atapanda kuhakikisha, yeye na goti lile bovu? ukisema kweli kazi imeota mbawa, watakucheka hadi uzeeni, Macho Manne, aliyeiona akaimaliza, sema mingi basi... halafu? wakisikia ni mingi watapanda wengine na majembe yao, watakanyaga ule udongo mweusi, na kama kuna mbegu, hata moja, imelala mle ufani, itakwenda na mabuti yao, hakuna atakayeilinda, maana nani hulinda kilicho kingi, Mungu wangu, na hapo hofu inamrudia upya, si kwa ajili ya kazi tena, kazi na iende, ni ile mbegu, ambayo huenda hata haipo, "Eti, mwanangu, imebaki mingi?" na Mkuu bado kainama, bado anatabasamu, hajageuka, na Macho Manne anamwonea huruma, maana ni yeye atakayelifuta tabasamu lile.