Chupa ya Mwezi wa Nne

"Mtoto wa kaka yangu umemtia chupani kama pilipili ya dukani, halafu unaniambia nipunguze sauti?" wifi yake alifoka.

"Punguza. Wanachuo wako nje, wanasubiri kuingia."

"Na waingie, wamwone shangazi yake!"

Mwalimu wa wakunga alijitia kupanga chupa mezani. Mimba yake ilipoharibika, yeye mwenyewe ndiye aliyekubali kijusi kibaki chuoni. Rafu ya vijusi vya kufundishia ilikuwa na pengo: mwezi wa tatu ulikuwepo, wa tano ulikuwepo. Alikuwa mwalimu kabla hajawa mama, akaona ni busara. Mumewe aliimeza siri hiyo mpaka jana, ilipomshinda akamwambia dada yake.

"Mimba haikufika, wifi. Hakuwa mtu wa kuzikwa."

"Hakuwa mtu? Haya, nisomeshe mimi kwanza. Nasikiliza."

Mwalimu akaanza, kwa sauti ya darasani. Chupa ya kwanza, kiinitete kama punje ya mchele, moyo umeshaanza kudunda. Ya pili, mikono imechomoza kama vikonyo. Ya tatu, vidole vimeachana. Ya nne...



Kila jioni aliigeuza chupa ile, yule mdogo atazame ukuta. Kila asubuhi alimkuta ameelekea mlangoni. Mfagiaji alishaapa kwamba rafu ile haigusi hata kwa dawa, na ufunguo wa kabati la rafu hiyo ulikuwa mmoja tu, mfukoni mwa mwalimu. Hata sasa alikuwa amemweka awape kisogo. Lakini yule mdogo, macho yamefumbwa, kidole gumba karibu na mdomo, alikuwa amewaelekea wote wawili.

"Kajigeuza," wifi alinong'ona. Ukali wote ulikuwa umemtoka.

"Umemwona na wewe?"

"Kwani mimi kipofu?"

Siku zote mwalimu alijiambia ni uchovu. "Mwezi wa nne," alisema polepole, "ana kucha. Ana alama za vidole ambazo hana mwingine yeyote duniani."

Mlango ukagongwa. "Mwalimu, tuingie?"

"Leo hakuna kipindi!"

Akavua koti lake jeupe, akaizungushia chupa ile, akaikumbatia kifuani.

"Wifi, kwako jembe lipo?"

"Lipo."

"Basi tangulia."

Wanachuo waliwapisha, hakuna aliyeuliza. Kabla ya adhuhuri shimo lilikuwa limechimbwa nyuma ya nyumba ya wifi, na aliyemshusha mtoto ni mama yake.