Mpishi wa Matanga Yangu

Usiku wa jana niliota nimekufa, nikaamshwa nipike.

Aliyeniamsha ni jirani yangu, Bi Mwanasiti. Alinifunua sanda usoni taratibu, kwa adabu. "Mama Tunu, pole na msiba. Watu wamejaa na wali hauna mpishi. Utatukatalia?"

"Na aliyekufa si mimi?"

"Ni wewe. Ndiyo maana tumekuja kwako kwanza."

Nikasema haya. Sijawahi kumjibu mtu vinginevyo. Nikakunja sanda mikononi isishike moto, nikaenda uani.

Binti yangu Tunu amekaa ukumbini peke yake, macho mekundu. "Mama, njoo ukae nami kidogo."

"Ngoja nipalie makaa."

Mara ukumbi unakuwa shule yake ya zamani. Tunu ni mdogo, yuko jukwaani anaimba, anakitafuta kiti changu kwa macho. Kimekaliwa na sufuria.

"Mama yako yuko harusini kwa watu, anapika," sufuria inamwambia. "Nimetumwa."

Tunu anaitikia kwa kichwa. Amezoea.

Tukarudi msibani. Wanaume wanainua jeneza.

"Mbona jepesi?"

"Maiti yuko jikoni."

"Basi asisumbuliwe," anasema shemeji yangu, na wanaondoka nalo tupu. Tunu analilia jeneza tupu. Hakuna anayemshika bega.

Bi Mwanasiti akaniletea sahani chafu. "Malizia na hizi, shoga yangu."

Nikafungua kinywa. Likatoka neno dogo, kavu. "Hapana."

Akanitazama. "Kumbe unalijua? Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

Akaondoka na sahani zake, machozi yanamlenga, na mimi roho ikaniuma kama nimemwibia. Lakini nilikwenda kuketi na Tunu. Akalaza kichwa kwenye sanda yangu.

"Umechelewa, mama."

"Najua."

Tukakaa hivyo hivyo. Uani wali ukaungua, harufu ikatufuata ndani, na sikuinuka.

Niliamka simu inaita. Ni Tunu, yuko Mbeya, mwaka wa tatu sasa hatujaonana.

"Mama, samahani nimekuamsha. Nywele zangu zinanuka wali ulioungua. Na jana sikupika."

Nikamwambia nakuja leo. "Haya, mama," akasema, kama mtu aliyekwisha kulisikia neno hilo mara nyingi mno.