Maji ya Kunawa

Eustadia alitandika mkeka chini ya mzani wa kupimia watoto, akamwaga visoda vyake, vifuniko vya chupa za soda, katikati, akaanza kuvifuta vumbi kimoja kimoja. Chumba kilikuwa cha zahanati. Yeye alikiazima siku zisizo na kliniki, na hata hizo wauguzi walimpa shingo upande, kwa kuwa kina mama waliojua kazi yake ya ushauri walianza kuuliza kama ni salama kuleta vichanga mahali wanapokuja "wale vijana".

Kila kisoda kilikuwa mtu. Kijana aliyeletwa kwake alipanga nyumba yao juu ya mkeka: huku jiko, huku anakolala bibi, huku wadogo. Kisha alijiweka mwenyewe. Eustadia alimuuliza, ukijikuta umebaki na mdogo peke yenu, unatoka kupitia wapi? Unamwita nani? Walikuwa wepesi kusema na visoda kuliko kumtazama usoni.

Leo ilikuwa zamu ya Gerson, naye Gerson hakuwa na tabia ya kuchelewa.

Alikuwa na miaka kumi na minne. Mwaka jana, kijijini kwao Goweko, alimdhuru Recheli, binti wa baba yake mdogo, mtoto wa miaka saba, na ukoo mzima hadi leo uliita kitendo kile "lile jambo". Kesi ilifika polisi, ikafia hukohuko maana ndugu waligoma kutoa ushahidi. Kilichobaki ni makubaliano ya mdomo: Gerson akae Tabora mjini kwa mjomba wake, mbali na Recheli, na kila wiki aje kwa Eustadia. Miezi mingi alikuja akakaa kofia imemfunika macho, akajibu kila swali kwa "sijui". Halafu wiki mbili zilizopita, bila kuulizwa, alisema akitazama mkeka: "Nilimuumiza. Hakutaka. Mimi ndiye mkubwa." Siku hiyo Eustadia alirudi nyumbani kichwa kikimgonga kwa uchovu, akamnyonyesha mwanawe, akajikuta anacheka peke yake gizani, umeme umekatika. Miaka mitatu ya masomo ya jioni, mimba tumboni, na hatimaye mtoto mmoja alikuwa amesema ukweli.

Simu iliita. Alikuwa Tarsisi, mjomba wa Gerson, fundi baiskeli wa mtaa wa Ng'ambo. Nyundo zilisikika nyuma yake.

"Dada, usimsubiri. Nimempandisha gari jana. Babu yake, mzee Eliya, kapiga simu, leo wanalimaliza lile jambo. Wanachinja mbuzi, wanakula pamoja, halafu anabaki kwao."

"Anabaki wapi? Kaya ileile? Recheli si yupo?"

"Sasa mimi nifanyeje? Unga umepanda, mkaa umepanda. Mwenye nyumba kasikia habari zake kaniambia nichague, yeye au chumba. Na mimi nina mabinti, dada. Naogopa, sikufichi."

"Tulikubaliana mpaka mwaka uishe."

"Ulikubaliana wewe. Mimi nilinyamaza tu."

Eustadia aliviacha visoda mkekani, akaenda ofisi ya ustawi wa jamii. Afisa alikuwa anakula chapati juu ya gazeti. Alimsikiliza mpaka mwisho, akafuta vidole.

"Gari lipo, mafuta hakuna. Na mafuta yangekuwepo, gari lingekuwa kwenye msafara wa mgeni. Kesi ipo?"

"Ilikufa."

"Ikifa, huyo ni mtoto kama watoto wengine. Nani amzuie kulala kwao?"

"Na binti je?"

"Wazazi wake si wapo?" Alishusha sauti, kama mtu anayemhurumia. "Mdogo wangu, mradi wenu unaisha Desemba. Unajiumiza bure."

"Basi niambie kama kuna nyumba yoyote mkoa huu ya kumweka mtoto kama Gerson. Hata kwa mwezi."

"Ya yatima ipo. Kawaambie masista unawaletea nani, uone kama watafungua geti." Akarudi kwenye chapati.

Eustadia alipanda basi kwenda Goweko, kisha bodaboda kwa kipande cha mwisho. Jua la Septemba lilikuwa limekausha kila kitu. Mashamba ya tumbaku yalibaki vishina vitupu. Dereva alimtazama kwenye kioo.

"Kwa mzee Eliya? Kwenye mbuzi?" Akacheka. "Eeh, wewe ndiye yule sista wa wale watoto! Mimi ningekuwa wewe ningewatandika tu. Kazi yako noma."

"Wanatandikwa," alisema Eustadia. "Halafu wanarudia."

Dereva alirudisha macho barabarani.

Uani palikuwa na viti vya kanisa, na nyama ilikuwa imeshaiva. Mzee Eliya, babu wa watoto wote wawili, alikaa mbele amevaa koti. Pembeni yake mtendaji wa kijiji, Lugembe, alikuwa na soda mkononi. Gerson aliwekwa kwenye benchi dogo katikati ya wanaume, amevalishwa shati jeupe lisilo lake, mikono imefichwa na mikono ya shati. Wanawake walikuwa upande wa jiko: Yustina mama yake, na Janeti mama yake Recheli, kila mmoja amempa mwenzake mgongo. Waume zao wote wawili walikuwa machimboni. Hawakurudi kwa ajili ya kikao.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja wakati mzuri. Mpeni kiti."

Hakukaa. Alichuchumaa karibu na kiti cha mzee, akasema polepole, ili asimwaibishe mbele ya watu. Gerson alikuwa ameanza vizuri. Anahitaji muda. Asilale kaya moja na Recheli, kwa faida ya wote wawili, na Recheli mwenyewe hajapata mtu wa kuzungumza naye hata mara moja.

Mzee alimsikiliza. Hakuwa mtu mkali. "Huyu mjukuu wangu, na yule mjukuu wangu. Nimtupe yupi? Ninyi mmemfundisha kulisema lile jambo kila wiki. Jambo likisemwa kila wiki litaisha lini? Sisi hapa tunapatanisha. Mtoto aliyeumizwa anamnawisha aliyemuumiza, wanakula sahani moja, yameisha. Hakuna atakayelitaja tena."

"Babu, Recheli ameulizwa?"

"Mtoto wa miaka minane unamuuliza nini?"

Lugembe alicheka. "Mama ushauri, hapa serikali ipo, nimekuja kushuhudia. Wewe nenda kacheze na visoda vyako." Wanaume wawili watatu wakacheka naye.

Sala ikaombwa, ndefu. Kisha Recheli akatokea jikoni.

Alikuwa amevaa gauni la kanisani na soksi nyeupe. Mkono mmoja beseni, mwingine jagi, na jagi lilikuwa zito kwake. Alimnawisha babu, akamnawisha mtendaji, akapita mstari mzima wa wazee akipiga magoti kwa kila mmoja kama alivyofunzwa. Aliposimama mbele ya benchi dogo hakupiga magoti. Alitazama beseni. Maji yalianza kumwagika yenyewe, kidogo kidogo, jagi likimlemea.

Eustadia alisimama. "Babu, tafadhali, mtoto asitumwe hili."

"Kaa chini, mwanangu. Gerson, nyoosha mikono."

Gerson aliingiza mikono kwapani.

"Nyoosha mikono, nimesema."

"Sinawi."

"Unasemaje?"

"Asininawishe, babu." Hakumtazama Recheli, alitazama ardhi kati ya miguu yake. "Yeye hajakosa kitu. Kwa nini anawishe yeye? Na mimi nisilale hapa. Sijajua bado kama... Nisilale hapa."

Mzee mmoja akasema taratibu, "Mtoto anakataa msamaha." Mwingine akaguna.

"Kiburi," alisema Lugembe. "Ndiyo mafunzo ya mjini hayo. Mtoto anaitiwa wazee, anachinjiwa, halafu anazingua. Nikupeleke mahabusu ukalale na watu wazima? Huko utanawa."

Ndipo Janeti alipotoka upande wa jiko. Alichukua jagi mkononi mwa mwanawe, akaligeuza, akamwaga maji yote chini, mbele ya viatu vya mtendaji. Akamwinua Recheli, mtoto mkubwa vile, akambeba kiunoni kama kichanga, akaingia naye ndani. Komeo likasikika.

Mzee Eliya alitazama tope. Alipozungumza alionekana amezeeka. "Anayekataa maji ya nyumba hii halali nyumba hii."

"Babu, alale wapi?" Eustadia aliuliza.

"Wewe ndiye mwenye mipango. Mchukue."

Eustadia alipiga simu ya Tarsisi, haikupatikana. Alipiga ya afisa ustawi. Iliita mpaka ikakata. Akafikiria chumba chake kimoja cha kupanga, kitanda kimoja, mwanawe amelala kifudifudi, na jibu lilimjia haraka mno: hapana. Aliona aibu kwa ile haraka. Miezi yote alikuwa amewaambia watu mjini kwamba hawa ni watoto, kwamba wanabadilika, kwamba wanahitaji mtu. Na bado jibu lilibaki hapana, na lilikuwa jibu sahihi, na hilo ndilo lililomuuma.

Wanaume walirudi kwenye nyama. Lugembe alimwomba mmoja wao athibitishe kwamba wamepatana, na yule mtu akathibitisha huku akitafuna.

Yustina alimshika mwanawe bega, akampeleka nyuma ya kaya, kwenye bani la kukaushia tumbaku. Msimu ulikuwa umepita. Ndani palikuwa patupu, miti ya kutundikia majani ikiwa mitupu juu, na harufu kali iliyobaki kwenye matope ya ukuta. Eustadia aliwafuata. Alichutama mbele ya Gerson.

"Ulichofanya leo ni kigumu. Watu wazima wengi hawakiwezi. Umenisikia?"

Gerson aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Midomo ilikuwa imekauka. Hakuna aliyempa chakula.

"Dada, kuna kufuli pale mlangoni," alisema. "Mnifungie kwa nje."

Eustadia aligeuka akatazama kufuli. Yote aliyofunzwa yalikuwa kinyume cha kufuli: mtoto ajifunze kujishika mwenyewe, na watu wazima wakae karibu. Lakini watu wazima walikuwa uani wanakula mbuzi.

"Simfungii mtoto wangu kama fisi," alisema Yustina. Akaenda, akarudi na mkeka, kanga mbili na bakuli la ugali. Alimpa mwanawe bakuli, kisha akatandika mkeka nje, mlangoni, ukaziba kizingiti chote. Akaketi juu yake, miguu kaikunja, uso umeelekea nyumba ya Janeti.

"Utalala hapa?"

"Nitalala hapa. Akitoka atanikanyaga."

"Na kesho, mayu?" aliuliza Eustadia, akimwita mama kwa Kinyamwezi.

"Kesho pia."

Bodaboda iliyomleta ilipiga honi barabarani. Basi la mwisho halikuwa mbali, na mjini mtoto wake alikuwa anamlilia kwa jirani. Eustadia alibaki amesimama.

"Mvua zikianza je? Hapa nje?"

Yustina alitazama juu, mahali ambapo hapakuwa na wingu hata moja.

"Mvua bado," alisema, akajifunika kanga.