Jumatatu Tuliyonenepa Bunda

Mwaka ule wa themanini na tatu sukari tulikuwaga tunaisikia redioni tu. Lakini Jumatatu moja nusu ya wanawake wa mtaa wetu, pale Bunda, waliamka wanene.

Chanzo ni Mwenyekiti wa tawi, Mzee Masatu. Jumapili alipita na kipaza sauti: "Kesho saa nne wote kwenye ghala la pamba! Askari wa Musoma watapekua kila nyumba. Atakayekutwa na khanga zaidi ya doti mbili ni mlanguzi!"

Serikali iliyoshindwa kutuletea kipande cha sabuni imepata muda wa kuhesabu khanga za mama zetu!

Kwetu zilikuwemo doti saba. Dada Hyasinta alikuwa anaolewa Jumamosi, na mama alizitafuta miaka miwili, moja moja, ili binti yake asiingie kwa wakwe na gauni alilovaa tu. Zikichukuliwa, hakuna duka la kupata nyingine.

"Hyasinta, simama hapa," mama akasema. Akamzungushia doti tano, akamvika juu gauni lake yeye mama. Dada akawa gunia la pamba lenye kichwa.

"Dada, mahari iongezwe," nikamwambia. "Wamelipia mmoja, wanapelekewa wawili."

"Wenceslaus, nikicheka zitafunguka. Koma."

Kule ghalani jua lilikuwa kali na hotuba ndefu, afande wa Musoma amekaa mbele. "Mlanguzi ni kupe!" Mzee Masatu akanguruma. "Ananenepa kwa damu ya wananchi!" Macho yake yakatua kwa dada. "We binti wa Dafroza! Juzi si ulikuwa mwembamba? Njoo mbele, afande akuone."

Mama akafumba macho. Dada akaanza kwenda, pole pole, kama bata aliyeshiba.

Kabla hajafika, kwenye kiti cha wageni rasmi, mke wa Mwenyekiti, Mama Marcelina, akaanguka puu! Joto.

"Mpeni hewa!" Mkunga Robi akamfungua khanga. Chini yake kulikuwa na nyingine. Na nyingine. Watu tukaanza kuhesabu kwa sauti, kama shuleni. Kwenye doti ya tisa ndipo mama wa watu akapumua.

Afande wa Musoma akageuka. "Mwenyekiti, hii ni nini?"

Mzee Masatu akajipangusa jasho. "Afande, amri inasema zitakazokutwa ndani ya nyumba. Hizi ziko mwilini. Iliyovaliwa ni nguo, si bidhaa."

Nikanyoosha mkono. "Mwenyekiti, naomba hilo liandikwe kwenye muhtasari, wananchi wote tufaidi."

Makofi hayo! Afande akacheka mpaka kofia ikakaa upande. "Andika, Katibu." Katibu akaandika, akapiga na muhuri.

Dada alikuwa bado amesimama pale mbele.

"Mzee, uliniita."

"Eeh... nilitaka kukupa hongera ya ndoa, mwanangu. Kaa hapo kwenye kiti."

"Asante, Mzee. Kukaa ndiyo siwezi."