Chokaa ya Mkaguzi

Chokaa ilikuwa bado inatokota kwenye pipa wasichana walipoanza kuichovya. Mafundi huichanganya na maji na kuiacha ipoe hadi kesho yake, lakini hapakuwa na nafasi ya kungoja kesho. Hiyo ilikuwa Jumanne, na mkaguzi wa shule alikuwa anakuja Alhamisi. Brashi zilikuwa zimekwenda kanisani na hazikurudishwa. Kwa hiyo kila msichana alipewa kipande cha gunia, akakitumbukiza kwa mkono, akapaka ukuta.

Virginie, mwalimu wa darasa la tano, alisimama kando ya pipa. Aliwaona wasichana wake wakikunja uso, wakipuliza vidole, wakichovya tena.

"Mamère, hii chokaa inachoma batoto," alimwambia Mamère Godelieve, mtawa mkuu wa shule hiyo ya wasichana wa kampi ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba.

"Bapake mbiyombiyo, itaisha mbiyombiyo," Mamère alijibu kwa Kiswahili chake alichookota jikoni. "Bwana inspecteur anaangaliaka kwanza ukuta. Weye hauyue?"

Virginie alijua. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni huyu hakuwa wa kuponya mtu. Alikuja kupima walimu weusi tu, watawa hawakupimwa. Virginie alikuwa wa majaribio tangu aanze kazi, na kwa kipimo cha Alhamisi angethibitishwa au angefukuzwa.

Nyuma ya shule palikuwa na nyumba ya vyumba viwili, iliyotolewa pamoja na kazi yake. Humo alikaa baba yake, mzee Rigobert, ambaye moshi wa tanuri la shaba ulikuwa umemla kifua. Kampuni ilipoona hafai tena, ilimtoa kwenye nyumba ya kampi na kumpa mkono wa kwaheri. Mtu asiye na kazi hakuruhusiwa kukaa mjini Elisabethville, isipokuwa chini ya mwenye kazi. Rigobert alikuwa chini ya binti yake. Binti akianguka, baba angepandishwa treni kurudishwa kijijini, ambako waliomjua walikwisha kufa.

Jumatano asubuhi Virginie alikagua mikono, kama ilivyokuwa desturi ya shule kila siku. Wasichana walisimama mstari, wakanyoosha mikono mbele, viganja chini, naye akapita akiangalia kucha. Zilikuwa nyeupe pe. Alipofika kwa Adolphine, mshonaji hodari kuliko wote, aliona vidole havinyooki. Akaugeuza mkono. Kiganja kilikuwa kimepasuka kama udongo wa kiangazi, na katikati ya nyufa nyama ilionekana.

"Inauma?"

"Hapana, Mamzeli."

Mtoto alikuwa anadanganya kwa adabu. Mchana ule walipaka ukuta wa pili.

Jioni Virginie alichukua chupa ya mawese ambayo baba yake alijipaka kifuani.

"Baba, napeleka mafuta kwa batoto. Chokaa imebaunguza."

"Peleka, mama," alisema mzee Rigobert. Alimwita binti yake hivyo kwa sababu alipewa jina la bibi yake, mama mzazi wa Rigobert. "Hii kifua haisikiake tena mafuta."

Hakuna mama wa kampi asiyejua kwamba mawese hutuliza jeraha la moto. Virginie alipita mlango kwa mlango, akawapaka wasichana wake mwenyewe, kiganja kwa kiganja, akawaambia wapake tena asubuhi ili ngozi ilainike waweze kushika sindano. Usiku huo alilala vizuri. Alijiona amefanya jambo la maana.

Mkaguzi alifika Alhamisi akiwa na kofia ngumu na soksi ndefu. Alizunguka jengo lote na Mamère Godelieve. Alipitisha kidole ukutani, akakitazama, akatabasamu. Halafu akaingia darasa la tano.

Hakuuliza hesabu. Hakuuliza kusoma, ingawa Virginie alikuwa amewafundisha mpaka walikuwa wanasoma bila kufuatisha kwa kidole. Msichana wa kampi alitakiwa ajue kushona, kufua na kusali, na siku hiyo kipimo kilikuwa kushona. Kila mmoja aligawiwa kitambaa cheupe akipinde ukingo kiwe leso.

Sindano ziliteleza. Wasichana waliziokota, wakajifuta vidole kwenye sketi, wakaanza tena. Virginie aliona doa la kwanza la rangi ya chungwa kwenye kitambaa cha dawati la mbele, na hapo ndipo akili yake ilipofunguka, ikiwa imechelewa. Mawese hayatoki kwenye nguo nyeupe. Mwanamke yeyote wa kampi angemwambia.

Mkaguzi aliinua leso ya Adolphine. Mishono ilikuwa midogo, imenyooka, ya kupendeza. Hakuiangalia. Aliangalia alama za vidole zilizoizunguka, za chungwa, na mbili tatu za damu.

"Hii ni nini?" alimwuliza Virginie kwa Kifaransa, ameshika leso kwa ncha kama mtu aliyeshika panya mfu kwa mkia.

Virginie alifungua mdomo. Mamère Godelieve alisimama mlangoni, anamtazama bila kupepesa. Kuitaja chokaa kulikuwa kumshtaki Mamère, na mkaguzi akishaondoka Mamère angebaki. Labda kunyamaza kungelipwa. Virginie akafunga mdomo.

Adolphine akaanza kugeuza kiganja chake juu.

"Mamzeli, tumuonyeshe ile..."

"Teremusha mukono."

"Lakini, Mamzeli, ni ile chokaa..."

"Nimesema teremusha!"

Mtoto akateremsha. Aibu ilimpanda Virginie mpaka masikioni, kisha ikashuka, na baada yake hakuhisi kitu chochote.

"Anasema nini huyu?" mkaguzi aliuliza.

"Anaomba msamaha," Mamère alijibu.

Mkaguzi aliirudisha leso juu ya dawati. "Mwalimu asiyefundisha usafi hafundishi kitu," alisema. "Lakini jengo lako, Mamère, ni la mfano. Nitalitaja mbele ya wakubwa."

Jumatatu Mamère alimwita Virginie barazani. Hakumkaribisha kukaa.

"Ndio vile, Virginie. Miye nilikuombea. Bwana inspecteur alikatala."

"Mamère, unayua ni chokaa."

"Nayua." Alisema bila hasira, kama mtu aliyeulizwa saa. "Lakini darasa ni ya nani? Ya weye. Ukuta ni ya miye, na ukuta ilipita."

Virginie alingoja hasira imjie. Haikuja. Alijikuta anaangalia ukuta, na kweli ulikuwa umepakwa vizuri.

"Baba yangu ni mugonjwa, Mamère. Atafika wapi na treni?"

"Mungu iko fasi yote. Mwalimu mupya anakuya Jumamosi. Mbele ya weye kutoka, nyumba ipakwe chokaa. Nitakutumia batoto ba darasa bakusaidie."

Ijumaa mzee Rigobert alikaa nje juu ya sanduku la mbao, amevaa koti lake, anakohoa. Ndani, ukutani juu ya kitanda chake, kichwa chake kilikuwa kimeacha doa la mafuta. Pipa lililetwa na kuwekwa mbele ya mlango, chokaa ikitokota. Brashi hazikuletwa.

Wasichana wa darasa la tano walifika wakajipanga mstari mbele ya Virginie. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Walinyoosha mikono, viganja chini.

Virginie alipita akiangalia kucha. Kwa Adolphine alisimama. Mtoto alikuwa anamtazama usoni, ameinyoosha mikono, anangoja.

Virginie hakuugeuza mkono.

"Safi," alisema, akampa kipande cha gunia.